Risasi zenye tundu kwenye rivolva: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mzee mmoja mwenyeji wa Bukavu, jirani yangu hapa Houston, alinunua rivolva ya kulinda nyumba yake. Ni ya risasi za aina ya .38 Special, yenye fremu ya alumini, silinda ya risasi tano na mtutu wa inchi mbili tu, yaani sentimita tano hivi. Dukani walimpa na boksi la risasi zenye tundu kichwani, za uzito wa greini 110 (gramu 7 hivi), zilizoandikwa +P, alama ya shinikizo kubwa. Wakamwambia hizo ndizo nyepesi, ndizo za kasi, na zikigusa tu zinafunguka. Tulipokwenda uwanja wa shabaha alipiga tano, akaiweka mezani huku akijikandakanda kiganja. Kwenye karatasi, zote tano zilikuwa zimepiga chini ya alipolenga.

"Ndugu yangu," akaniuliza, "hii nguvu ni ya kuniumiza mimi?"

Swali lile limenikaa kichwani. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo bunduki ni ya askari au mwindaji. Tukifika Marekani tunaipata dukani pamoja na maneno ya muuzaji, na maneno hayo ndiyo yanakuwa elimu yetu yote.

"Zikigusa tu, zinafunguka"

Hii ndiyo dhana kubwa, na ndiyo yenye hatari zaidi kwa mwenye rivolva fupi. Ndani ya tundu hakuna baruti wala dawa yoyote. Kinacholifungua ni majimaji ya mwilini, ambayo risasi ikiingia husukumwa ndani ya tundu kwa shinikizo mpaka kingo zinapasuka na kukunjukia nje kama uyoga. Shinikizo hilo huzaliwa na kasi. Kwenye mtutu wa inchi mbili, kasi ndiyo inayokosekana: baruti inapata nafasi ndogo mno ya kusukuma, na sehemu ya gesi inavuja kwenye upenyo ulio kati ya silinda na mtutu. Risasi ya Speer Gold Dot ya greini 135 +P iliundwa mahususi kwa mitutu mifupi, kwa kuwa polisi wengi wa New York waliendelea kubeba rivolva ndogo hata baada ya kupewa bastola za magazini. Hiyo hutoka kwa mita 262 hivi kwa sekunde. Risasi ya kawaida ya 9mm kutoka bastola ya ukubwa kamili inakaribia 350.

Weka na nguo juu yake. Risasi ikipita kwenye jinzi au koti la baridi, nyuzi hujaa ndani ya tundu, na tundu lililojaa halifunguki. Ndiyo maana Hornady, katika risasi zake za Critical Defense, huziba tundu kwa plastiki laini: kitambaa kinakosa pa kuingia, na plastiki yenyewe ikibanwa inazisukuma kingo zifunguke.

Na hata ikifunguka, hesabu haijaisha. Mwavuli uliofunguliwa hushika upepo. Risasi iliyopanuka hali kasi yake ni ndogo husimama mapema, pengine kabla haijafika penye umuhimu. Tarehe 11 Aprili 1986 huko Miami, maafisa wa FBI walipambana na majambazi wawili. Risasi ya 9mm yenye tundu, ya Winchester Silvertip, ilimpata Michael Platt, mmoja wa majambazi hao, mkononi, ikapita hadi kifuani, ikafunguka vizuri kabisa kama ilivyotengenezwa, kisha ikasimama sentimita mbili na nusu hivi kabla ya moyo. Platt aliendelea kupigana. Maafisa wawili, Jerry Dove na Benjamin Grogan, waliuawa, na watano wakajeruhiwa. Aliyemaliza pambano ni Edmundo Mireles, mkono wake mmoja ukiwa umevunjwa na risasi, kwa rivolva ya .357 Magnum iliyokuwa imejazwa .38 Special +P.

Baada ya msiba huo FBI walianza kupima upya. Wanapiga kwenye jelatini ya asilimia 10, inayoigiza nyama ya mwili, kupitia nguo nzito, ubao wa jasi, bati na kioo cha gari, na wanataka risasi iingie angalau inchi 12, isizidi 18, yaani kati ya sentimita 30 na 45 hivi. Mtu huuliza kwa nini kina chote hicho wakati kifua cha mtu si kinene hivyo. Jibu ni mkono wa Platt: adui hasimami mbele yako kama karatasi ya shabaha. Anageuka, anainama, anatanguliza mkono.

Kwa hiyo ukisoma vipimo vya risasi za rivolva fupi, anza na kina, halafu ndipo utazame upana. Nyingi nyepesi zenye tundu hushindwa kwa njia moja kati ya mbili: ama hazifunguki kabisa, ama zinafunguka zikasimama mapema mno.

Iliyodumu kwa heshima ni ya zamani. Mwaka 1972 FBI walichukua .38 Special +P ya greini 158, ambayo ni kama gramu 10.2, yenye tundu na bila koti la shaba, yaani bila ganda jembamba la shaba linaloifunika. Mpaka leo watu wa rivolva huiita "ya FBI". Siri yake iko kwenye madini. Kiswahili chetu kimeyaita madini hayo na kinachotengenezwa nayo kwa jina moja, risasi, na hapa ndipo majina hayo mawili yanapokutana. Madini ya risasi yakiachwa laini, bila koti, hukunjuka hata kwa kasi ndogo, na uzito wake unaisukuma iendelee ndani. Siisifu kupita kiasi, kwani hata hiyo kwenye mtutu wa inchi mbili haifunguki kila mara. Lakini isipofunguka, bado inafika.

Kuna nyingine ambayo wauzaji hawaitaji, kwa sababu ni ya wapiga shabaha: ya greini 148, kichwa bapa kabisa kama kizibo, isiyo na ahadi ya kufunguka. Hukata badala ya kupenya kwa ncha, inakwenda kwa kina cha kutosha, na haipigi teke kubwa, yaani bunduki hairudi mkononi kwa nguvu. Ubaya wake ni kwamba kichwa bapa ni kigumu kuingiza kwenye silinda kwa haraka. Kwa mtu mwenye mikono dhaifu au rivolva nyepesi, mimi naiweka mbele ya nyingi zenye tundu.

"Ni haramu, zilipigwa marufuku duniani"

Marufuku ipo, ila watu hawaangalii inamhusu nani. Miaka ya 1890 kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta, kilitengeneza risasi za bunduki zenye ncha laini ya madini wazi, na jina la mtaa ule likawa jina la kila risasi ya aina hiyo. Rivolva nayo ilikuwamo: mwaka 1898 jeshi la Uingereza liliipa Webley ya .455 risasi iitwayo Mark III, butu yenye umbo la pipa, ina tundu mbele na jingine nyuma. Mwaka uliofuata ukaja mkutano wa The Hague, na Azimio la 1899 likakataza risasi zinazopanuka kirahisi ndani ya mwili wa binadamu. Mark III ikaondolewa.

Azimio hilo linahusu vita kati ya mataifa yaliyolikubali. Halimgusi polisi mjini wala raia nyumbani kwake, na Marekani haikuliridhia. Polisi wa miji mingi ya Marekani hubeba zenye tundu. New York walitangaza kuhamia huko mwaka 1998, na mojawapo ya sababu zao ni wapita njia: risasi ya koti zima, iliyofunikwa bila tundu, ilikuwa ikimpita mlengwa na kumpata mwingine.

Sheria inayokuhusu wewe ni ya jimbo unakoishi. New Jersey, kwa mfano, kwa miaka mingi imeruhusu risasi zenye tundu nyumbani na safarini kwenda uwanja wa shabaha, lakini si za kubeba mwilini mjini kwa raia wa kawaida. Uliza kabla hujanunua.

"Haitoboi ukuta, kwa hiyo watoto wako salama"

Hapa naomba nisikilizwe vizuri. Nyumba nyingi tunazopanga huku zina kuta za ndani za ubao wa jasi, wenye unene wa sentimita moja na robo kila upande, na katikati ni hewa. Risasi yenye tundu hupita hapo bila shida. Tena unga wa jasi huziba tundu, kwa hiyo ikitokea chumba cha pili inasafiri kama ya kawaida. Faida yake dhidi ya kupitiliza ni pale inapompata mlengwa na kufunguka. Ukikosa, hakuna faida. Jua mapema watoto wanalala upande gani, na nyuma ya ukuta ule kuna jirani gani.

"+P ni bora daima"

+P ni alama ya shinikizo kubwa zaidi: psi (kipimo cha shinikizo) 20,000 badala ya 17,000 za .38 Special ya kawaida. Rivolva kuukuu, hasa za fremu ya alumini, nyingi hazikutengenezwa kwa ajili yake, kwa hiyo soma kitabu cha silaha yako. Kwenye rivolva nyepesi sana kuna balaa jingine: teke linaweza kuzivuta risasi ambazo bado hazijapigwa zichomoze kwenye maganda yake mpaka silinda ikwame. Njia ya kujua ni rahisi. Kama silinda ni ya tano, piga nne, toa ya tano, ilinganishe urefu na mpya. Ikiwa imerefuka, boksi hilo si la bunduki hiyo.

Na zile za mzee zilizopiga chini? Rivolva nyingi za .38 zenye vilengeo visivyorekebishika zimelinganishwa na greini 158. Bunduki huanza kuinuka risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Nyepesi na ya kasi hutoka mapema, kabla mdomo haujainuka vya kutosha, kwa hiyo hupiga chini. Mzee hakuwa na kosa.

Wanaosema zenye tundu hukwama wameyatoa kwenye bastola za magazini za zamani. Rivolva haivuti risasi kutoka kokote, imeshakaa mahali pake. Na wanaosema mtu hurushwa nyuma, fizikia inawakatalia: msukumo unaompata anayepigwa hauzidi ule unaompiga mpigaji mkononi. Karatasi ya FBI ya mwaka 1989 inasema kwamba hata moyo ukiharibiwa, ubongo unabaki na oksijeni ya kumwezesha mtu kutenda kwa sekunde 10 hadi 15. Anayekuuzia risasi ya "moja tu inatosha" anakudanganya.

Jambo la mwisho linawahusu wageni kama sisi. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaweza kumiliki silaha. Aliye hapa kwa viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, kwa kawaida sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki bunduki na hata risasi zenyewe, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Boksi moja la risasi kabatini linatosha kuharibu maisha uliyoyajenga. Duka lenye leseni pia haliruhusiwi kumuuzia risasi za bastola aliye chini ya miaka 21.

Wiki iliyofuata mzee alirudi uwanjani na maboksi mawili: greini 158 za madini laini, na vichwa bapa. Za kwanza zilipiga alipolenga, ila ya tatu ilimkunja uso. Vichwa bapa alipiga ishirini bila kusimama, na tano za mwisho zilikaa ndani ya nafasi ya kisahani cha chai, kwa umbali wa mita saba. Akanunua maboksi mengine mawili ya hizo.