Eti ukiwapa nyumba wanazipangisha

Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa mtu mwenye digrii: watu wa Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, ukiwajengea nyumba wanazipangisha na kurudi kwenye mabanda, eti wameyazoea. Haya, leo tusemezane.

Sheria naipita mbio. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinataja makazi kuwa haki, na tangu 2024 tuna Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ile inayokata asilimia 1.5 ya mshahara wako. Kelele zake unazijua.

Sasa huyo "wao" ni nani? Wakazi wengi wa Kibera ni wapangaji na kodi wanalipa. Mwenye banda ni mtu mwingine, mara nyingi hata haishi hapo. Vita huanza siku ya kuhesabu kaya zitakazopewa nyumba. Ukiandikisha wenye mabanda peke yao, mpangaji wa miaka ishirini anatoka kapa. Ukiandikisha wapangaji, usiku huohuo chumba kinagawanywa kwa mabati na mabinamu wanafika kutoka mashambani. Ndiyo maana daftari husomwa hadharani, mlango kwa mlango, majirani wakisikiliza. Mukuru, mtaa mwingine wa mabanda Nairobi, kaunti ilipoitangaza eneo maalum la mipango mwaka 2017, yaani lipangwe upya kwa mpango wake lenyewe, wakazi walijipanga kuanzia kaya kumi kumi. Inachosha kweli, lakini jirani humdanganyi.

Tuseme basi nyumba imemfikia mwenye haki: mama anayekaanga mandazi mlangoni pake Soweto Mashariki, hukohuko Kibera. Kwenye banda, mwezi ukiwa mbaya, anazungumza na landilodi. Kwenye ghorofa ya nne kuna malipo ya tarehe maalum, bili ya maji, tokeni za stima, pesa za mlinzi na taa za ngazi. Na mandazi atamuuzia nani huko juu? Anapiga hesabu, anapangisha. Wewe una nyumba ya kupangisha Kitengela na unaishi Umoja kwa kodi, na tunakuita mwekezaji.

Kinachoninyima raha ni swali la kukataza. Mikutanoni natetea marufuku ya kuuza kwa miaka kadhaa, maana bila hiyo wenye pesa watazinunua zote na wanyonge watasukumwa mbali zaidi. Lakini kumfunga maskini mikono juu ya mali yake, huku mwenye nyumba Kileleshwa kwa wenye pesa akiuza apendapo, ni jambo ambalo sijawahi kupata namna ya kulieleza mbele ya mama yule nikamtazama usoni. Wenzangu wanaharakati hawapendi nikilitaja hili.