Je, wajua kwa nini ubingwa wa soka wa Coastal Union ya Tanga wa 1988 unasikika kuliko unavyoonekana?

Mwaka 2022 Coastal Union ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania na Yanga pale Sheikh Amri Abeid, Arusha. Dakika zote zikaisha 3-3, Yanga wakachukua kombe kwa penalti, lakini mabao yote matatu ya Wagosi wa Kaya, yaani Coastal, aliyafunga mtu mmoja, Abdul Suleiman "Sopu". Ukitaka kuyaona mabao hayo leo unashika simu, unaandika jina lake, unatazama.

Sasa rudi hadi 1988, mwaka ambao Coastal hiyohiyo ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Ni kilele cha klabu iliyoanzishwa 1948, na kijana wa Ngamiani, Tanga, aliyezaliwa baadaye anakijua kwa kusimuliwa tu. Kwa nini mechi moja ya juzi ionekane hivyo, na msimu mzima wa dhahabu uwe hadithi ya barazani?

Sababu kubwa ni kwamba hakukuwa na jicho la kuutunza. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973, lakini Tanzania Bara haikupata kituo chake hadi 1994. Mechi ya Mkwakwani, uwanja wa Coastal pale Tanga, uliipata kwa njia mbili: uwepo uwanjani, au utege sikio Radio Tanzania Dar es Salaam. Msikilize mzee akisimulia bao la enzi zile, pale kwenye kahawa na kashata. Haanzi na alichokiona. Anaanza kutangaza: "Anauchukua, anamtoka mmoja, anamtoka wa pili..." na sauti inapanda mpaka mpira unaingia wavuni. Kumbukumbu yake imejengwa na mtangazaji, hata pale alipokuwa jukwaani mwenyewe.

Hapo ndipo historia ya klabu inapoanza kuvuja. Mtangazaji anamtaja mwenye mpira, na humtaja zaidi aliye karibu na goli. Kwa hiyo mfungaji anabaki. Beki wa kushoto aliyeziba pengo dakika tisini, kipa wa akiba, mtunza vifaa aliyefua jezi usiku ili zikauke asubuhi, dereva wa basi, mama aliyepika kambini, hao wanatoka kwenye hadithi taratibu. Kitaifa mambo ni yaleyale. Bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, lililoipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Afrika za 1980 Lagos, karibu kila mpenda soka mtu mzima analo mdomoni. Ukiuliza kocha alikuwa nani, wachache watakujibu haraka kuwa ni Joel Bendera, huyuhuyu aliyekuja kuwa mbunge wa Korogwe Mjini, hapahapa mkoani Tanga. Alifariki 2017.

Baada ya sikio, kilichobaki ni karatasi, na hewa ya bahari haina huruma na karatasi. Gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, zenye kitu kiitwacho lignini. Likipigwa na mwanga na hewa, lignini hugeuka rangi ya chai, huku asidi iliyomo ikikatakata nyuzi za karatasi. Ndiyo maana kipande cha gazeti cha miaka ya themanini kinavunjika ukikikunjua, kama chapati iliyolala.

Picha za rangi zina ugonjwa wao. Picha ya rangi ya zamani ina rangi tatu zilizopangana, na katika nyingi za miaka hiyo ile ya samawati ndiyo inayotangulia kufa, hata ikifungiwa sandukuni. Inabaki nyekundu na njano. Ukiona picha ambayo nyasi za uwanja zimekuwa kahawia na nyuso za wachezaji zimeiva kama matofali, usidhani ilipigwa vibaya.

Linaloniuma zaidi ni picha zilizowekwa kwenye fremu kwa heshima. Uso wa picha umepakwa gelatini, na gelatini ikinyonya unyevu huvimba na kunata. Kama picha imegusana na kioo, miaka ikipita vinashikana kabisa. Mjukuu anakuja kwa nia njema, anavuta, na uso wa mchezaji unabaki kwenye kioo. Usivute. Ipige picha kwa simu ikiwa ndani ya kioo chake, kivulini, bila mwanga wa kamera, simu ikiwa sambamba na fremu, kisha iache kama ilivyo mpaka umpate fundi anayejua kazi hiyo.

Lakini hata picha iliyotunzwa vizuri haisemi kitu bila majina. Tazama picha yoyote ya timu ya zamani: mstari wa nyuma wamesimama mikono kifuani, wa mbele wamechuchumaa, mpira katikati. Nyuma ya picha pameandikwa "Coastal" na mwaka, basi. Barazani utaambiwa huyu ni fulani, jina la utani, na kila mtu anacheka kwa kumkumbuka. Gazetini huenda yumo kwa jina la baba. Kwenye fomu ya usajili yumo kwa jina la tatu. Baada ya miaka arobaini mtu mmoja amekuwa watu watatu. Ndiyo maana jina la utani, majina yote ya kweli na mtaa aliokaa vinatakiwa viandikwe pamoja, kwa penseli, kwa sababu wino wa biki unaweza kupenya hadi mbele.

Kumbukumbu ya mzee nayo huchanganya misimu, na hilo si kosa lake. Ukimwambia "tueleze historia ya klabu" atakupa hotuba. Muulize kitu kimoja: safari ya ugenini mlikwenda na usafiri gani, nani alikaa karibu na dirisha? Hapo mlango unafunguka. Tarehe na matokeo utayapima baadaye kwa magazeti ya zamani yaliyohifadhiwa maktaba.

Na kuenzi? Viwanja vyetu vikubwa vingi vina majina ya viongozi: Mkapa, Sokoine, Amri Abeid, Mwinyi. Wanastahili. Napoli ya Italia iliistaafisha jezi namba 10 ya Maradona mwaka 2000, na 2020 uwanja ukapewa jina lake. Sisi hatuhitaji kusubiri uwanja. Ubao wa majina kwenye ukuta wa klabu, Barabara ya 11, unatosha kuanzia. Mkongwe mmoja aitwe Mkwakwani wakati wa mapumziko, atajwe kwa majina yake yote matatu, watoto wa timu ya vijana wampe mkono. Waliotangulia wasomewe dua, majina yao yakitajwa moja moja.

Kama nyumbani kwenu kuna picha ya namna hiyo, ipeleke kwa mzee Ijumaa hii baada ya swala, washa kinasa sauti cha simu, na uanze na mstari wa waliochuchumaa, kushoto kwenda kulia.