NASA wanaficha sauti za viumbe wa angani? Yanayosemwa na yaliyopo

Novemba 2025 shemeji yangu alinitumia ujumbe wa sauti ambao ulikuwa umeshapita kwenye makundi mengi ya WhatsApp kabla ya kunifikia. Mtu mwenye sauti nzito anasema darubini ya Afrika Kusini imenasa redio kutoka kwenye 3I/ATLAS, ile nyotamkia iliyokuwa inapita karibu na Jua letu ikitokea nje kabisa ya mfumo wetu wa jua, na kwamba NASA, shirika la anga la Marekani, "wamefunga mdomo". Chini yake shemeji ameandika: "Haya mtaalamu, tuambie." Mtaalamu mwenyewe ni msomaji tu kama yeye, ila nilimjibu kwa kirefu, na majibu yenyewe ndiyo haya.

"Wamepokea matangazo ya redio kutoka 3I/ATLAS"

Kunasa walinasa, uongo umeingia kwenye tafsiri. Darubini ya MeerKAT, yenye masahani 64 kwenye nyika ya Karoo, iliona alama za hidroksili kwenye masafa ya megahezi 1665 na 1667. Hidroksili ni atomu moja ya oksijeni iliyoshikana na moja ya haidrojeni, na hupatikana pale mwanga wa jua unapoyavunja maji yanayofuka kutoka kwenye barafu ya nyotamkia. Tena alama zenyewe zilikuwa upungufu: mawimbi yanayotoka nyuma yake yalififia kidogo kwenye masafa hayo mawili, kama taa inavyofifia mvuke wa chungu ukipita mbele yake.

Kilichoponza ni neno "redio". Kwetu redio ni mtangazaji, taarab na taarifa ya habari. Kwa mwanaastronomia ni nuru tu ambayo jicho haliioni. Jua linaitoa, sayari ya Mshtarii inaitoa, na mawingu ya gesi baridi yanaitoa bila kumsalimia mtu.

Na ule ukimya? Bajeti ya serikali ya Marekani ilikwama, ofisi zikafungwa kuanzia 1 Oktoba hadi 12 Novemba. Picha zilizokuwa zimepigwa na chombo kinachozunguka Mirihi zikasubiri mpaka 19 Novemba. Zilipotoka zilionyesha doa lenye ukungu, na nadhani watu walikasirishwa na ukungu ule kuliko walivyokasirishwa na ukimya.

"Ile ishara ya mwaka 1977 ilikuwa ujumbe wenye msimbo"

Hii ndiyo mama yao wote, kwa hiyo tuitazame kwa karibu. Usiku wa 15 Agosti 1977 darubini iitwayo Big Ear, ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio (si ya NASA), ilikuwa inasikiliza yenyewe bila mtu. Siku chache baadaye Jerry Ehman, aliyekuwa akijitolea kwenye kazi hiyo, akapitia karatasi za kompyuta akakuta kwenye safu moja 6EQUJ5. Akaizungushia kalamu nyekundu na kuandika pembeni "Wow!" Sisi tungeandika "Lo!"

Watu wameikeshea 6EQUJ5 kama hirizi. Lakini kompyuta ile ilikuwa inachapa nguvu ya mawimbi kwa herufi moja kila baada ya sekunde 12: tarakimu 1 hadi 9, kisha ikizidi hapo A ni 10, B ni 11, na kuendelea. Isome basi: 6, 14, 26, 30, 19, 5. Inapanda, inafika kileleni, inashuka. Big Ear haikuwa inageuka kuzifuata nyota. Dunia ndiyo iliyokuwa inaizungusha, na nukta yoyote ya mbinguni ilichukua sekunde 72 kupita mbele yake, ikipanda na kushuka hivyo hivyo. Kwa hiyo zile sekunde 72 maarufu zinatueleza umbo la darubini. Urefu wa ishara yenyewe hatuupati hapo.

Ugeni wake uko kwingine. Masafa yalikuwa karibu na megahezi 1420, ambako haidrojeni hutoa mawimbi yake, na darubini ilikuwa na pembe mbili za kupokelea mawimbi, kama midomo ya baragumu. Kitu kilichotulia angani kingepita kwenye pembe zote mbili kwa tofauti ya dakika chache. Hiki kilisikika kwenye moja tu. Wengi wamerudi kuelekeza darubini upande ule wa kundinyota la Mshale, hawakupata kitu. Maelezo ya uhakika hayajapatikana hadi leo, ila ishara iliyosikika mara moja na kupotea haiwezi kubeba mzigo wa kuthibitisha chochote. Big Ear nayo ilivunjwa mwaka 1998, eneo likageuzwa uwanja wa gofu.

"Kisichoelezeka lazima kiwe cha wageni"

Mwaka 1967 pale Cambridge, mwanafunzi Jocelyn Bell aliona kwenye karatasi za mashine yake kitu kinachopiga kila sekunde 1.337, bila kukosea. Wakakibandika jina la utani la "vijitu vya kijani". Kisha Bell akapata kingine, upande tofauti kabisa wa anga. Hapo utani ukaisha, maana ni vigumu jamii mbili za mbali kuamua kutupigia simu kwa mtindo mmoja kwa wakati mmoja. Zilikuwa nyota za nyutroni, mabaki ya nyota zilizolipuka, zinazozunguka kwa kasi.

Na sisi wa huku tuna sehemu yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri ya Kenya, setelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, nayo ikakuta chanzo kinachopiga kila sekunde 4.8. Nyota ya nyutroni tena.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Parkes, Australia. Tangu 1998 darubini yao ilikuwa inanasa milio mifupi ya ajabu, mchana, siku za kazi, na hasa saa za chakula. Mwaka 2015 wakamkamata mhusika: maikrowevu ya jikoni kwao. Walipoijaribu ikiwa imefungwa haikutoa kitu. Mpaka mtu alipofungua mlango kabla muda haujaisha, kama tunavyofanya sote tukiwa na njaa.

"NASA wanasikiliza, wanajua, wanaficha"

NASA walianza msako wao wa ishara tarehe 12 Oktoba 1992. Mwaka mmoja baadaye Bunge la Marekani likaukatia fedha, na tangu hapo kazi imebebwa zaidi na taasisi binafsi na vyuo.

Siri yenyewe ingetunzwaje? Dunia inazunguka, chanzo kikizama upeo wa macho kwako, inabidi umwombe mwenzako wa bara jingine aendelee nacho. Mwaka 2019 Parkes ilinasa ishara upande wa Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua. Kabla wachunguzi hawajamaliza, Desemba 2020 habari ikavuja magazetini. Mwaka 2021 wakatangaza kwamba ni vifaa vya binadamu vilivyoingiliana. Hiyo ilikuwa ishara ya bure tu, na miaka miwili haikufika kabla ya kuvuja.

"Vyuma vyao vinaanguka, taa zao tunaziona"

Mstari wa taa zinazofuatana usiku ni setelaiti za intaneti za Starlink zikiwa zimetoka kurushwa. Ile pete ya chuma ya takriban kilo 500 iliyoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, 30 Desemba 2024, Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi.

"Wanajua tupo, tumeshawaandikia"

Kuandika tumeandika. Ujumbe wa redio uliotumwa kutoka darubini ya Arecibo, Puerto Rico, mwaka 1974 unaelekea kundi la nyota la M13, umbali wa miaka nuru kama 25,000, kwa hiyo jibu tulitarajie baada ya miaka 50,000. Vyombo viwili vya Voyager vilivyorushwa 1977 vimebeba santuri ya salamu kwa lugha 55. Kiswahili hakimo. Kiganda kimo. Shemeji, ambaye mama yake ni Muganda, ujumbe wangu wote aliujibu kwa sentensi moja: "Basi wakifika, mje mnitafute mimi niwatafsirie."