Kumvua Mwanamke Hijabu Si Kumpa Haki

Lord Cromer aliisimamia Misri kwa niaba ya Uingereza kuanzia 1883 hadi 1907, na alishikilia kwamba hijabu ndiyo inayowarudisha Wamisri nyuma. Ukimsikia utadhani ana uchungu na wanawake. Lakini utawala wake ulitoza karo shuleni, na watoto wengi, wa kike na wa kiume, wakakosa elimu. Aliporudi London akaiongoza jumuiya iliyopinga wanawake wa nchi yake mwenyewe kupewa kura.

Utetezi wa haki za wanawake ni jambo jema, nami ni mmoja wa wanaoutetea. Huingia ubaguzi pale mwanamke Mwislamu anapofanywa ushahidi kwamba watu wake ni washenzi, na yeye mwenyewe hakuulizwa neno.

Tazama Algiers, Mei 1958, vita vya uhuru wa Algeria dhidi ya Ufaransa vimepamba moto. Wanawake wa Kialjeria walivuliwa haiki, lile shuka jeupe la kujitanda, hadharani, mbele ya umati na kamera. Miongoni mwa walioandaa shughuli hizo walikuwemo wake wa majenerali wa Kifaransa. Wanawake wa Ufaransa walikuwa na haki ya kura tangu 1944. Wanawake Waislamu wa Algeria waliipata mwaka huo wa 1958, miaka 128 baada ya nchi yao kuvamiwa.

Mambo hayo hayajaisha. Septemba 2023 Ufaransa ilipiga marufuku abaya katika shule za serikali. Siku ya kwanza, kwa hesabu ya serikali, wasichana 298 walifika wameivaa. 67 wakakataa kuivua, wakarudishwa nyumbani. Sababu rasmi ilikuwa kutenganisha dini na shule. Basi jiulize: pale getini, mtu atajuaje hii ni abaya na ile ni gauni refu tu? Atamtazama sura aliyelivaa, atauliza jina lake. Hapo kinachopimwa si nguo tena.

Sisemi kwamba wanawake wa Kiislamu hawaonewi na wao kwa wao. Iran sheria inawalazimisha kujifunika, na wako waliofungwa kwa kuipinga. Ila wanaojua kinachowabana ni wao. Huda Sha'arawi, Mmisri mtetezi wa haki za wanawake, alivua nikabu yake kwa mkono wake mwenyewe, katika stesheni ya Cairo, mwaka 1923. Miaka minne kabla ya hapo, akiwa bado anaivaa, aliongoza wanawake barabarani kuandamana dhidi ya Waingereza.