Stesheni ya Ngome Kongwe: yanayosemwa na yaliyokuwa

Anayeingia Ngome Kongwe, Unguja, kuhudhuria tamasha la muziki la Sauti za Busara haoni dalili yoyote kwamba gari moshi liliwahi kuanzia safari hapo pembeni, kwenda kijiji cha Bububu, kaskazini mwa mji. Stesheni haipo tena, reli ziling'olewa zamani, na watu wamebaki na hadithi ambazo nyingi si za kweli.

Inayosikika zaidi ni kwamba reli ya Bububu ni ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar. Barghash alifariki 1888, na gari moshi la Bububu lilianza 1905. Reli yake yeye ilikuwa nyingine kabisa, tena ilielekea kusini, kwenye kasri lake la Chukwani. Mwanzo mabehewa yalivutwa na baghala, baadaye ikaletwa injini ndogo ya mvuke. Kwa hiyo hata anayefundisha kwamba reli ya kwanza Afrika Mashariki ni ile iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 anakosea. Wajerumani wa Tanga walianza yao 1893, na wao pia walikuwa nyuma ya Unguja. Inaniuma jambo hili linaporukwa darasani.

Wengine husema reli ya Bububu ilijengwa na Waingereza, kwa kuwa ndio waliokuwa wameshika nchi. Hapana: ilikuwa ya kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney & Co., na serikali ikaichukua 1911. Wakati wa ujenzi Ngome yenyewe ilitumika kuwekea vifaa. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita 11 hivi, na kipande cha mjini kilipenya mitaani. Katika picha za kadi za posta za zama zile kuta za nyumba karibu ziguse mabehewa.

Je, Bububu imepewa jina kwa mlio wa injini? Hadithi hii hupendwa sana, lakini miaka haikubaliani nayo. Binti Salme, nduguye Barghash, aliwahi kuishi Bububu, na anapataja kwa jina hilohilo katika kitabu chake kilichotoka 1886.

Wala si Mapinduzi ya 1964 yaliyoiua reli hii. Abiria waliacha kubebwa 1922, motokaa zikiwa zimeshawavuta barabarani. Baada ya hapo treni lilibaki kubeba mawe ya ujenzi wa bandari, mpaka likafungwa kabisa mwishoni mwa miaka ya 1920.