Tuzo ya Msanii wa Taifa ya Ufilipino na mkono wa mwisho juu ya orodha

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuzisaidia taasisi za sanaa kuandika kanuni za tuzo: nani apendekeze majina, nani ayachuje, nani atie saini, na aliyeshinda atarajiwe kufanya nini baada ya makofi kwisha. Kila ninapokaa na kamati mpya huwa naanza na mfano wa Ufilipino. Nchi hiyo imewatunuku wachoraji, wachongaji, wacheza ngoma, wanamuziki na waigizaji wake kwa zaidi ya nusu karne, na huko swali ambalo kamati nyingi hulikwepa, la nani ana neno la mwisho juu ya orodha, lilifika mahakamani likatolewa uamuzi.

Tuanze na jina lenyewe, maana lina uzito. Kwa lugha ya Kifilipino, Msanii wa Taifa huitwa Pambansang Alagad ng Sining. Sining ni sanaa, na pambansa ni jambo la taifa zima. Alagad ni mfuasi, mtu aliyejitoa kumtumikia bwana wake, na ndilo neno wanalolitumia wakristo wa huko kwa wale wanafunzi kumi na wawili wa Yesu. Kwa hiyo anayepewa heshima hii haitwi bingwa wala nyota; anaitwa mtumishi wa sanaa, na taifa linakiri kwamba limemwona akitumika. Mimi naona tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu bingwa hushinda mara moja akaenda zake, lakini mtumishi huulizwa kila siku anamtumikia nani.

Tuzo hii ilianzishwa Aprili 1972 kwa Tangazo Namba 1001 la Rais Ferdinand Marcos. Wa kwanza kutunukiwa alikuwa mchoraji Fernando Amorsolo, aliyekuwa amefariki siku chache tu kabla ya kutangazwa. Aliyewahi kuona mchoro wake mmoja huutambua wa pili bila kuambiwa: wanawake wanavuna mpunga, jua liko nyuma yao, na ukingo wa kitambaa cha kichwani unawaka kama uzi wa dhahabu huku uso ukibaki kwenye kivuli chepesi. Mwaka uliofuata bodi ya Kituo cha Utamaduni cha Ufilipino (CCP) kilichopo Manila ikakabidhiwa kazi ya kuchagua, na miongoni mwa waliotunukiwa mwaka huo wa 1973 alikuwemo Francisca Reyes Aquino, ambaye tangu miaka ya 1920 alizunguka vijijini akiandika hatua, midundo na mavazi ya ngoma za asili, nyingi zikiwa hazijawahi kuandikwa mahali popote.

Msomaji makini atakuwa ameiona tarehe. Septemba 1972, miezi mitano tu baada ya tuzo kuzaliwa, Marcos alitangaza utawala wa kijeshi. Tuzo ya juu kabisa ya sanaa nchini ilikua chini ya serikali iliyokuwa ikiwafunga waandishi na kuzuia magazeti, na wasanii walijua kwamba nishani ile ingeweza kugeuzwa pambo la watawala. Njia aliyoishika mwandishi Nick Joaquin mwaka 1976 ndiyo ninayoipenda kuisimulia. Alikubali kutunukiwa kwa sharti kwamba mshairi Jose Lacaba, aliyekuwa kizuizini, aachiwe huru, na Lacaba akaachiwa. Joaquin hakuikataa heshima ya taifa lake, lakini pia hakukubali kuipokea huku mwenzake yuko nyuma ya nondo.

Utaratibu wa leo ni mrefu, na urefu huo una sababu. Tangu mwaka 1992 kuna Tume ya Taifa ya Utamaduni na Sanaa (NCCA), ambayo huendesha tuzo kwa pamoja na CCP. Majina hupendekezwa na taasisi na vikundi vya sanaa, watafiti huyachunguza, kisha majopo ya wataalamu wa kila fani hukaa zaidi ya mara moja, na mwishoni bodi za taasisi zote mbili hukutana kupitisha orodha. Msanii anatakiwa awe raia, awe na kazi nyingi zenye ubora wa kudumu, awe amefungua njia mpya au kuacha alama kwa walioko nyuma yake, na kazi hizo ziwe zimewasaidia Wafilipino kujiona kuwa watu wa taifa moja. Orodha ikishapita humo ndipo hupelekwa Ikulu ili Rais atangaze. Matunda yake si ya maneno matupu: kuna fedha, posho ya kila mwezi, msaada wa matibabu, nafasi ya heshima kwenye hafla za dola, mazishi ya kitaifa, na haki ya kuzikwa Libingan ng mga Bayani, yaani makaburi ya mashujaa.

Mwaka 2009 bodi hizo zilimpelekea Rais Gloria Macapagal Arroyo majina manne: mwongozaji wa filamu Manuel Conde, mtunzi wa muziki Ramon Santos, mwandishi Lazaro Francisco na mchoraji Federico Aguilar Alcuaz. Yaliyotoka Ikulu yalikuwa saba. Santos hakuwemo tena, na wanne walikuwa wameongezwa bila kupitishwa na bodi: mbunifu wa mavazi Jose Moreno, msanifu majengo Francisco Mañosa, mtunzi wa hadithi za katuni na filamu Carlo J. Caparas, na Cecile Guidote-Alvarez wa tamthilia, ambaye wakati huohuo alikuwa mkurugenzi mtendaji wa NCCA, tume ileile inayoendesha uchaguzi. Wasanii walitoka barabarani, na baadhi ya waliokuwa tayari na nishani hiyo, akiwemo Virgilio Almario na Bienvenido Lumbera, wakafungua kesi.

Mahakama ya Juu ilitoa hukumu Julai 2013 na kubatilisha kutangazwa kwa wale wanne. Hoja yake ndiyo ninayoinakili kwenye kila rasimu ya kanuni ninayoiandika. Rais anayo hiari, lakini hiari hiyo inaishia ndani ya orodha aliyoletewa na vyombo vilivyopewa kazi ya kuchuja. Hawezi kuchomeka jina ambalo halikupita mlangoni. Kwa Guidote-Alvarez kulikuwa na kasoro ya ziada, kwa sababu kanuni zinawazuia watumishi wa taasisi hizo mbili kupendekezwa. Mahakama haikusema kwamba wanne hao hawana kipaji, na hapo ndipo wengi husoma hukumu vibaya. Mañosa, ambaye Jumba lake la Minazi la Manila lilijengwa kwa mbao na vifuu vya mnazi wakati wengine wakishindana kwa zege, alipitishwa kwa utaratibu kamili na kutunukiwa mwaka 2018. Santos naye alitunukiwa mwaka 2014. Kilichobatilishwa ni njia, na njia ilipowekwa sawa mtu yuleyule alipokea nishani ileile pasipo doa.

Nayasema haya kwa hisia kwa sababu nimewahi kuwa upande wa pili wa meza. Niliwahi kukaa kwenye jopo la tuzo moja ambapo tulibishana siku mbili juu ya wachongaji wawili, tukazishika kazi zao mkononi, tukazigeuza kuangalia alama za patasi kwa nyuma, na hatimaye tukakubaliana. Usiku wa sherehe lilisomwa jina la tatu ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia likitajwa chumbani mle. Mchongaji aliyetangazwa aliinuka kwa furaha ya kweli, hana habari, na mimi nilishindwa kumtazama usoni. Tangu siku hiyo naamini kwamba anayeongeza jina juu ya orodha humdhulumu kwanza yule anayedhani amemheshimu.

Hata hivyo hukumu ya 2013 iliacha mlango mmoja wazi. Mkono wa mwisho hauwezi kuongeza, lakini unaweza kupunguza. Mwaka 2014 mwigizaji Nora Aunor alipita kwenye mchujo wote, lakini Rais Benigno Aquino III akaliondoa jina lake, akieleza kuwa suala la dawa za kulevya lililowahi kumkuta lingewapa vijana ujumbe mbaya. Huyu ni binti aliyeuza maji kwa abiria wa treni mjini Iriga utotoni, akapanda hadi kuwa mwigizaji bora wa tamasha la filamu la Cairo mwaka 1995, na uso wake kwenye filamu ya Himala ya mwaka 1982 ni miongoni mwa nyuso zinazokumbukwa kuliko zote katika sinema ya nchi hiyo. Mimi sikubaliani na uamuzi ule. Kanuni za tuzo zinapima kazi, na kama taifa linataka kupima mwenendo, basi liandike hivyo kwenye kanuni ili jopo lijadili mapema, badala ya kumwachia mtu mmoja mwishoni. Aunor alitunukiwa mwaka 2022, mwaka mmoja na Ricky Lee aliyeiandika Himala, na alipofariki Aprili 2025 alizikwa Libingan ng mga Bayani.

CCP ina pia tuzo ya vijana wa sanaa za kuonekana, iitwayo Tuzo ya Wasanii Kumi na Watatu, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Roberto Chabet. Mchoraji Ben Cabrera alikuwa katika kundi lake la kwanza, na mwaka 2006 akawa Msanii wa Taifa.

Lakini tuzo inayonigusa zaidi ni nyingine kabisa. Mwaka huohuo wa 1992 ilipoundwa NCCA, Bunge lilipitisha sheria ya Gawad sa Manlilikha ng Bayan, tuzo ya waumbaji wa jadi. Wapinzani wa tuzo za kitaifa walikuwa wakisema kwa haki kwamba Manila inawaona wa Manila. Watatu wa kwanza, mwaka 1993, walitoka mbali na mji mkuu: Ginaw Bilog wa Wahanunuo Mangyan wa kisiwa cha Mindoro, Masino Intaray wa Palawan, na Samaon Sulaiman wa Wamagindanao, mpigaji wa kutyapi, kinanda kirefu cha nyuzi mbili ambapo uzi mmoja hushika sauti isiyobadilika na mwingine hubeba wimbo. Bilog alikuwa bingwa wa ambahan, mashairi yanayoghaniwa bila ala, kila mstari ukiwa na mizani saba na vina mwishoni, yakichongwa kwa ncha ya kisu juu ya mwanzi kwa hati ya asili ya Wamangyan. Msomaji aliyekulia kwenye tenzi atajua mara moja nidhamu ya kuhesabu mizani ni nini.

Masharti ya tuzo hii ndiyo yanayoitofautisha. Sanaa yenyewe iwe imekuwepo na kuthibitishwa kwa angalau miaka 50, na msanii awe anaifundisha jamii yake. Akishatunukiwa, wajibu hauishi: anapaswa kuendelea kuwarithisha wengine ujuzi wake, na kutoa sampuli au nakala ya kazi yake kwa Makumbusho ya Taifa. Aliyezeeka au kuugua hata asiweze kufundisha tena hakuachwa nje, ilimradi kazi zake zinamshuhudia. Kufikia mwaka 2016 waliotunukiwa walikuwa 16 tu, na kati ya 2004 na 2012 hakuna hata mmoja aliyetangazwa. Kwa sanaa ambazo wanaozijua ni wazee, naona miaka minane ni mingi mno, na nilifarijika kuona tisa wakitangazwa kwa pamoja mwaka 2023.

Kabatini mwangu nina kipande cha t'nalak, nilicholetewa na mwenzangu aliyefanya kazi Mindanao, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Ufilipino. Ni kitambaa cha Wat'boli wa Ziwa Sebu, kinachofumwa kwa nyuzi za abaka, ndugu wa mgomba tunaoujua, na ukikishika kwa mara ya kwanza kinashangaza kwa ugumu wake, kama mkeka mwembamba kuliko kama nguo. Rangi ni tatu: weusi wa majani, wekundu wa mizizi, na weupe wa uzi wenyewe. Nyuzi hufungwa mafundo madogo kabla ya kutiwa rangi, mchoro wote ukiwa kichwani mwa mfumaji, bila karatasi, na ufumaji ukikamilika kitambaa husuguliwa kwa kauri ya baharini iliyotiwa kwenye ncha ya mwanzi mpaka king'ae. Nikikielekeza dirishani naona njia ya kauri ilipopita, mstari kwa mstari.

Lang Dulay, aliyetunukiwa mwaka 1998 kwa kazi hii, alianza kufuma akiwa na miaka 12 na alikuwa na michoro ipatayo mia kichwani. Wat'boli husema michoro huletwa ndotoni na Fu Dalu, roho ya abaka, na kwa hiyo kitambaa kilichoko kwenye kitanda cha kufumia hakirukwi. Baada ya tuzo alifundisha wasichana wa jamii yake nyumbani kwake hadi alipofariki mwaka 2015. Hakuna karatasi ya michoro hiyo aliyowaachia. Walikaa kando yake wakitazama vidole vyake vikifunga mafundo, wakafunga ya kwao, naye akayafungua yaliyokosewa ili waanze upya.