Nyuzi mbili si uvivu

Juzi kaja kijana darasani na gitaa alilolivua nyuzi nne. Zimebaki E na A, zile nene. Anataka kupiga kama The Presidents of the United States of America, ile bendi ya roki ya Marekani, wale wa wimbo "Lump". "Si wanatumia nyuzi mbili tu, mwalimu?" Akabana zote kwa kidole kimoja, akapiga. Akanigeukia: "Mbona hailii?"

Huyo ni wa nne mwaka huu, na wote wanaamini kitu kilekile: kwamba mwimbaji wao, Chris Ballew, alipunguza nyuzi kwa sababu zile sita zilimshinda, na albamu yao ya 1995 ni mzaha tu wa watu wa Seattle waliochoshwa na majonzi ya grunge, roki nzito ya huko. Jamani.

Haraka haraka: kutoka E hadi A ni nne kamili (hesabu: E, F, G, A), haikupi kodi unayoitafuta (kodi ya gitaa, noti zinazolia pamoja, si ya TRA). Ballew alityuni C# na G#, tano kamili, kwa hiyo kidole kimoja kinatosha kwenye freti yoyote, vile vijichuma vya shingoni. Lakini ukilegeza uzi wa kawaida wa E hadi C# unakuwa kamba ya kuanikia nguo. Unataka uzi mnene zaidi, na uzi mnene unataka mfereji wa nati (kinachoshika nyuzi juu shingoni) upanuliwe na daraja (kinachozishika chini) lirekebishwe, la sivyo ukifika freti ya 12 umeshatoka kwenye sauti. Mvivu gani anajitafutia kazi hiyo?

Sasa linaloniudhi hasa. Kodi ya C# na G# haina noti ya tatu ya skeli, ile inayoamua kama ni meja (ya furaha) au maina (ya huzuni). Gitaa la Ballew limenyamaza kuhusu jambo hilo. Mpiga gitaa mwenzake, Dave Dederer, aliyekuwa na nyuzi tatu (C#, G#, C#), aliweza kudokeza akitaka, lakini mara nyingi mzigo ulimwangukia mwimbaji. Melodi ndiyo inayokuambia ucheke au uhuzunike. Ndiyo sababu nyimbo zake, za mapichi, paka na wadudu, zinakaa kichwani wiki nzima: melodi haina pa kujificha. Ukiwa na nyuzi sita unaweza kuimba hovyo, kodi zikakusitiri.

Na mnaouliza besi iko wapi: pitisha tano kamili kwenye distoshini, kifaa kinachokwaruza sauti. Mitetemo ya noti zake mbili ni 3 kwa 2, na tofauti yao, 1, inasikika kama noti ya oktavu moja chini ya ile ya msingi (2). Besi ya bure.

Hapa nikiri kitu. Sisi walimu tunafundisha kwamba kodi isiyo na noti ya tatu haina upande, si meja wala maina. Sikio langu linakataa. Kila uzi una harmoniki ya tano (mlio mdogo wa juu ndani ya noti), ambayo ni ile noti ya tatu ya meja, na distoshini huiamsha. Nadhani ndiyo maana albamu ile inatabasamu hata inapopiga kelele. Au labda ni wale paka tu wananidanganya.

Halafu kuna wanaosema ni nyimbo za watoto, kwa kuwa baadaye Ballew aliimbia watoto kweli, kwa jina la Caspar Babypants. Wamesikiliza "Kitty" hadi mwisho? Paka anamkwaruza, naye anamtukana tusi zito na kumwambia atalala nje. Mpigie mtoto wako, kisha uje unieleze mama yake alisemaje.

Wazo lenyewe la nyuzi chache alilipata kwa Mark Sandman wa bendi ya Morphine, walipokuwa wakipiga pamoja Boston. Sandman alipiga besi ya nyuzi mbili kwa slaidi (kibomba cha kuteleza juu ya nyuzi), muziki wa giza, wa saa nane za usiku. Huyo hakuna anayemwita mchekeshaji.

Kijana wangu nilimtyunia D na A, za muda, hadi tupate nyuzi nene. Kidole kimoja, akapanda na kushuka freti kama aliyepewa baiskeli. Amefurahi kweli.

"Haya," nikamwambia, "sasa imba."

Akaanza kuangalia simu.